Wacheni Kujisifu na Uchovu

Hii posti nimeiandika mara tatu, nikaifuta mara tatu. Leo siifuti.

Kama uko mwaka wako wa kwanza jimu, soma ukitaka, lakini siongei na wewe. Naongea na wewe mwenye miaka mitatu, minne, sita kwenye vyuma. Wewe unayejua benchi yako ni kilo ngapi hata ukiamshwa usiku wa manane. Na hiyo benchi imekwama pale pale tangu mwaka jana, na kila ikikwama jibu lako ni lile lile: ongeza seti.

Nasema hivi: hiyo ni ujinga. Na nina haki ya kusema kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale wanaouza huo ujinga.

Nilichofanya

Mwaka jana nilianzisha chalenji. Niliiita Siku 30 Bila Kupumzika. Kifua na mgongo kila siku, seti zinapanda kila wiki, na siku ya mwisho unajivuta kwenye bomba mara 200, hata ikichukua jioni nzima. Nilisimama mbele ya simu jasho likinitoka, nikasema kupumzika ni kwa waoga. Hiyo video ndiyo ilitazamwa kuliko zote nimewahi kuweka. Wafuasi wakaongezeka. Nikauza fulana.

Kulikuwa na kijana mmoja, simtaji, alikuwa ananitumia video zake kila jioni. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa na miaka minne kwenye vyuma na mgongo mpana kuliko wangu. Usiku alikuwa anapakia mizigo kwenye lori, asubuhi analala masaa manne, jioni jimu. Siku ya 30 akamaliza zile 200. Siku mbili baadaye alinitumia picha moja bila neno lolote: chupa ya mkojo, rangi kama chai ya rangi iliyokolea. Mikono ilikuwa imevimba mpaka hawezi kunyoosha kiwiko.

Madaktari huita hiyo kitu rabdomiolisisi. Misuli ikiumizwa kupita kiasi inavunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu, na mojawapo ni mayoglobini, ile inayofanya mkojo uwe na rangi hiyo. Figo ndizo zinabeba mzigo wa kusafisha, na zinaweza kushindwa kabisa. Alilazwa siku nne akiwa kwenye dripu. Alibahatika, figo zilirudi sawa.

Halafu mama yake akanipigia. Alitoa namba yangu kwenye simu ya mwanawe. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliuliza tu, "Ni wewe kijana wa video? Ni wewe ulimwambia mtoto wangu asipumzike?"

Nikasema, "Ni mimi, mama. Pole sana."

Akasema, "Huyu kazi yake ni mgongo. Sasa mimi nitamwambia nini mwenye lori?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nilifuta video. Pesa za fulana nilizituma zote ziende kwa bili, na hazikufika hata robo.

Daftari langu pia lilikuwa linalia

Sasa sikia kitu ambacho sikuwaambia wakati huo. Nilipokuwa nawaambia msipumzike, mimi mwenyewe nilikuwa narudi nyuma.

Mimi huandika kila kitu kwenye daftari. Kifua seti 24 kwa wiki. Mgongo seti 26. Siku sita jimu, ya saba nakimbia ndio nisikae bure. Januari nilikuwa nasukuma benchi kilo 100. Oktoba, kilo 92 na nusu, na hiyo nikiwa nimekunywa vikombe viwili vya kahawa. Kiwiko cha kulia kilikuwa kinauma hata nikishika sufuria. Saa nane za usiku macho yangu yako wazi, moyo unapiga kama nimetoka kukimbia. Siku moja nilimfokea dadangu kwa sababu ya kijiko. Kijiko, wasee.

Na dawa niliyojiandikia ilikuwa gani? Nilifikisha kifua seti 28.

Baada ya ile simu nilipunguza. Seti 10 za kifua, 12 za mgongo, siku nne kwa wiki. Wiki mbili za kwanza nilijihisi mwizi, kama kuna mtu atanikuta nimekaa kejani saa kumi na moja jioni anikamate. Wiki ya tisa nikasukuma kilo 105. Kiwiko kilikuwa kimenyamaza.

Huo ni mwili mmoja, wangu, na mwili mmoja si utafiti. Mimi pia si daktari, hata chuo sikumaliza. Lakini nilianza kusoma, na nilichokuta huko kilinifanya nione aibu mara ya pili, kwa sababu mambo haya yanajulikana kitambo. Hakuna siri hapa. Kuna tu watu kama mimi wasiotaka kuyasema kwa sababu hayapati watazamaji.

Misuli haijengwi jimu

Mwaka wa 1936 mwanasayansi mmoja aliyekuwa Montreal, Hans Selye, alichapisha ripoti fupi kwenye jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia tofauti tofauti, akaona mwili unajibu kwa mpangilio ule ule. Kwanza unashtuka. Halafu unajenga upinzani. Na shida isipokoma, unafika hatua ya tatu: unachoka kabisa, ule upinzani unaanguka.

Makocha wa nguvu waliichukua hiyo wakaijenga zaidi. Ukiinua chuma, hujajenga kitu. Umeharibu kidogo na umechosha sana. Kujenga kunakuja baadaye, ukiwa umekula na kulala. Ukirudi kabla kazi ya kujenga haijaisha, unaharibu fundi akiwa bado juu ya ngazi.

Nikuwekee kwa lugha ya simu yako. Kupona ni salio. Kila seti ngumu inatoa kitu. Usingizi na chakula vinaweka. Salio likiisha na bado unataka kupiga seti, mwili haukatai papo hapo. Unakupa Fuliza. Unapiga seti, unajisikia shujaa, unaweka stori. Lakini unajua Fuliza venye hufanya kazi: pesa inayofuata ikiingia, inalipa deni kwanza. Chakula cha kesho na usingizi wa kesho havijengi tena, vinalipa. Hivyo ndivyo mtu anaweza kufanya mazoezi kwa bidii mwaka mzima na asisonge.

Na hiyo bidhaa inayoitwa usingizi si maneno ya mama zetu tu. Utafiti mmoja wa mwaka wa 2021 ulichukua vijana wazima, ukawanyima usingizi usiku mmoja tu. Kasi ya misuli yao kujenga protini ilishuka asilimia 18. Utafiti mwingine wa 2011 uliwalaza vijana wa kiume masaa matano kwa usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu. Wewe uko mwaka wa ngapi wa kulala masaa matano?

Kwa nini mkongwe ndiye anaumia zaidi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Tunafikiri ukikaa sana jimu ndio unaweza kubeba seti nyingi zaidi milele. Kuna ukweli ndani yake, lakini kuna mtego.

Mgeni akipiga seti ya kumi kwa kilo 40, amesogeza kilo 400. Wewe ukipiga seti ya kumi kwa kilo 120, umesogeza kilo 1,200. Kwenye karatasi zote ni seti moja. Kwa magoti, mgongo na kichwa chako, si seti moja hata kidogo. Kadiri unavyokuwa na nguvu, ndivyo kila seti inavyokugharimu zaidi. Lakini masaa ya kulala hayajaongezeka, na sahani ya chakula ni ile ile.

Pili, kano zinazoshikisha misuli kwenye mfupa zinapata damu kidogo na hubadilika polepole kuliko misuli. Misuli inaweza kuwa tayari huku kiwiko kikiwa bado kinaomba muda. Ndiyo maana wakongwe wengi kwanza wanaharibika viwiko na mabega.

Tatu, na hii ndiyo inatudanganya kabisa: mkongwe haumwi tena kama mgeni. Mwili ukizoea zoezi, maumivu ya kesho yake hupungua sana. Basi unaamka hujaumwa, unasema niko fiti, niongeze. Kumbe kutoumwa si sawa na kupona. Uchovu wa mkongwe haujitangazi kwa maumivu. Unajitangaza kwa daftari: kilo zinashuka, marudio yanapungua, usingizi unavurugika, hamu ya chakula inapotea, unamfokea mtu kwa sababu ya kijiko.

Na nne, faida ya mkongwe ni ndogo. Mwaka wa kwanza uliongeza kilo kila wiki. Sasa hivi ukiongeza kilo tano kwenye benchi kwa mwaka mzima, umefanya kazi nzuri. Hiyo ndiyo hali. Lakini hakuna anayekuambia, kwa hivyo unaona kasi imepungua unadhani ni uvivu, unajiadhibu kwa seti kumi zaidi.

Programu unayofuata ni ya nani?

Sasa twende kwenye ngori yenyewe.

Ile programu ya seti 30 za kifua uliyodownlodi, umewahi kujiuliza aliyeiandika anaishi aje? Wengi wa hao wasee wa video za Marekani wana sindano. Sisemi wote, na simtaji mtu. Lakini angalia sindano inafanya nini. Mwaka wa 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanaume 43 waliokuwa tayari na uzoefu wa vyuma. Wengine walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki kumi, wengine wakadungwa dawa bandia. Walioinua vyuma bila testosteroni waliongeza kama kilo 2 za mwili usio na mafuta. Waliodungwa testosteroni na hawakuinua chuma chochote waliongeza kilo 3.2. Waliodungwa na wakainua, kilo 6.1.

Soma tena. Aliyekaa kitini na sindano alimshinda aliyetoa jasho bila sindano.

Kwa hivyo mtu mwenye sindano akikuambia seti 30 zilimjenga, anaweza kuwa anasema ukweli. Lakini ni ukweli wa mwili wake, unaopona kwa kasi ambayo wako hauna. Kukopi seti zake ni kama kukopi matumizi ya tajiri bila kuwa na mshahara wake. Na kabla hujaniambia basi suluhu ni sindano: hapana. Moyo wako na uzazi wako havifai kuwa bei ya benchi.

Hata hao mabingwa wenyewe hawakubaliani kuhusu seti. Arnold Schwarzenegger alikuwa mtu wa seti nyingi kupindukia. Dorian Yates, Mwingereza aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye jimu ya chini ya ardhi mjini Birmingham, alipiga seti chache sana za nguvu zote, akashinda Mr. Olympia mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997. Wote wawili walikuwa mabingwa. Kama seti nyingi zingekuwa ndiyo njia pekee, Yates asingekuwepo. Na kabla hujamfuata Yates, jua kwamba alichanika misuli zaidi ya mara moja, na jeraha la mkono ndilo lilimaliza safari yake. Ronnie Coleman, aliyefuata na kushinda mara nane, amefanyiwa upasuaji wa mgongo na nyonga mara nyingi na leo kutembea ni shida. Kuna njia nyingi za kukopa. Deni huja kwa kila mtu.

Na wewe unaishi aje?

Sasa weka hiyo programu kando uangalie siku yako.

Unaamka saa kumi na moja kasoro, kwa sababu ukichelewa matatu inapanda bei na Jogoo Road inafunga. Unasimama kazini au unatembea juani kutafuta kazi. Lunch ni chapo mbili na madondo, na siku ikiwa mbaya ni smokie na mayai. Jioni unaingia jimu ya mtaa, ile ya vyuma vya kuchomelea na sahani za simiti, unapiga seti 26. Unafika kejani saa tatu, jirani ana spika, simu iko mkononi, unalala saa saba. Kesho tena.

Halafu uko kwa inboksi yangu unauliza ununue unga gani wa protini.

Buda, huna shida ya unga. Una shida ya hesabu. Kazi ya mjengo ni seti. Kubeba mitungi ya maji hadi gorofa ya tano stima ikipotea ni seti. Kusimama masaa kumi dukani kunakula miguu ile ile unayotaka kuiskwatisha Alhamisi. Programu ya mtu anayelala masaa tisa na kupikiwa haihesabu hivyo vitu, kwa sababu yeye hana. Wewe lazima uvihesabu. Wingi wa seti zako haupimwi na tamaa yako. Unapimwa na maisha yako.

Na hii ndiyo inanikasirisha zaidi kuhusu ile lugha ya "hakuna siku ya kupumzika". Inawalenga watu ambao tayari hawapumziki. Kijana wa malori hakukosa bidii. Alikuwa na bidii kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Nilimchukua mtu aliyechoka nikamwambia tatizo lake ni uvivu. Huo ni uongo wa kikatili, na tunauvaa kwenye fulana.

Si tuko Kenya?

Kitu cha kuchekesha ni kwamba sisi tunatoka nchi inayojua kupumzika kuliko nchi nyingi duniani. Nenda Iten, nenda Kaptagat. Wakimbiaji wetu wanakimbia asubuhi, wanakula, wanalala mchana. Watu wazima, mabingwa wa dunia, wamejifunika blanketi saa saba mchana, na hakuna anayewaita waoga. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwezi Oktoba 2019, amesema mara kadhaa kwamba mazoezini hajipigi asilimia mia. Siku zake ngumu ni chache kwa wiki, zilizobaki ni za polepole kiasi kwamba mtu wa kawaida angeweza kufikiria anatania.

Ndiyo, najua, kukimbia si kuinua chuma. Lakini akili ni moja: siku ngumu iwe ngumu kweli, siku nyepesi iwe nyepesi kweli. Sisi wa jimu tunafanya siku zote ziwe za katikati. Tumechoka kiasi cha kutoweza kujituma, na hatujapumzika kiasi cha kupona.

Mtaniambia

Mtaniambia, "Utafiti unasema seti nyingi ndio misuli mingi." Ni kweli, na sitaficha. Mwaka wa 2019 Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume wenye uzoefu, wiki nane, wakipiga seti moja, tatu au tano kwa kila zoezi. Waliopiga nyingi zaidi, hadi seti 30 kwa wiki kwa misuli ya juu na 45 kwa miguu, misuli yao ilinenepa zaidi. Lakini soma hadi mwisho: nguvu ziliongezeka karibu sawa kwa makundi yote matatu, pamoja na wale wa seti moja ambao walikuwa wanamaliza kwa dakika kama 13. Na ilikuwa wiki nane. Wewe umekuwa kwenye wiki nane yako kwa miaka miwili. Pia mwaka wa 2017 wengine walijaribu ile programu maarufu ya seti 10 za marudio 10, wakailinganisha na seti 5. Zile 10 hazikushinda. Kwa hivyo seti nyingi ni chombo. Unaweza kukitumia kwa muda ukiwa umelala na umekula. Hukai nacho maisha yote.

Mtaniambia, "Nikipunguza nitapoteza." Mwaka wa 2011 watafiti waliwafanyisha vijana mazoezi wiki 16, halafu wakawapunguzia kazi hadi moja ya tisa kwa wiki 32. Moja ya tisa. Vijana walishikilia misuli yao. Kujenga ni ghali, kutunza ni rahisi. Wiki moja nyepesi haikuibii chochote.

Mtaniambia, "Unawapa watu kisingizio cha uvivu." Hii ndiyo naiheshimu, kwa sababu wapo watu wanaopiga seti nne wakikaa kwa simu dakika kumi kati ya kila moja. Lakini hao hawakusoma hadi hapa. Mvivu hahitaji ruhusa yangu. Anayehitaji ruhusa ni yule ambaye hajakosa jimu siku hata moja tangu Januari na bado hasongi.

Fanya hivi

Sitakuuzia programu. Chukua daftari.

Hesabu seti zako ngumu za wiki kwa kila misuli. Ngumu maana yake zile zinazokaribia kushindwa, sio za kupasha mwili. Benchi ihesabu kwa kifua na pia kwa nyuma ya mkono. Ukishapata namba, wengi mtashtuka.

Kama umekwama au unashuka, kata nusu kwa wiki moja. Usilale kitandani wiki nzima. Nenda, inua kilo zile zile au pungufu kidogo, seti nusu, rudi nyumbani ukiwa na nguvu. Kisha anza upya na seti kama 10 kwa kila misuli kubwa, umegawa kwa siku mbili. Ongeza seti mbili tu, na uongeze ikiwa mambo matatu ni kweli: unalala angalau masaa saba, viungo haviumi, na kilo au marudio yako hayajashuka kwa wiki mbili. Wengi watapata kazi yao kati ya 10 na 20. Ukifika penye namba zinaanza kushuka, hapo ndipo mpaka wako. Rudi chini yake na ukae hapo bila aibu.

Acha marudio moja hadi matatu ndani ya tangi kwenye seti nyingi. Utafiti wa 2017 kwa watu wenye uzoefu ulionyesha kwamba kusukuma hadi misuli ikatae kunaweza kuchelewesha kupona kwa siku moja hadi mbili. Kama ni lazima ujimalize, jimalize kwenye seti ya mwisho ya zoezi dogo. Usifanye hivyo kwenye skwati.

Kila baada ya wiki nne hadi nane, weka wiki nyepesi kabla mwili haujakuwekea yenyewe.

Kula protini ya kutosha, kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukiwa kilo 70, ni gramu 112. Mayai, ndengu, maziwa, omena, maharagwe. Kwanza jikoni, halafu ndio uulize kuhusu unga.

Na ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, usiweke stori. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wenzangu wa kamera

Ninyi mnaouza "hakuna siku ya kupumzika", najua mnapumzika. Nimewaona. Mnarekodi video sita siku moja mkibadilisha fulana, halafu mnalala. Na kuna msee mahali, ametoka shifti ya usiku, anaangalia hizo video sita kama ni siku sita, anadhani yeye ndiye dhaifu. Onyesheni siku ya kulala. Onyesheni wiki nyepesi. Kama unatumia sindano, usiuze programu kwa mtu asiyetumia. Mkikataa, sawa, lakini mjue simu ya mama wa mtu inaweza kuwafikia pia, na siku hiyo idadi ya watazamaji haiwasaidii kujibu.

Yule kijana alipona. Alikaa nje ya kazi wiki sita, akarudi kwa lori, na nasikia amerudi jimu pia, siku tatu kwa wiki. Hanitumii video tena. Simlaumu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, leo ni siku gani ya mfululizo bila kupumzika? Kama umepita kumi na unajivunia, kesho baki nyumbani. Kula. Lala. Keshokutwa urudi, ufungue daftari, uone chuma kitakuambia nini.